Kurasimisha si kuhalalisha: neno moja la ofisini na jamaa zake

Kijana mmoja kutoka Rungwe aliingia kwenye kibanda changu cha steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na barua ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwa mnunuzi wa parachichi. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa kimemtuma aitafsirishe, isomwe kwenye kikao cha Jumapili baada ya ibada. Barua ilikuwa fupi, na mzigo wake wote ulikuwa kwenye sentensi moja: mnunuzi anapenda "to formalise our existing arrangement" na kikundi. Nikaandika kwamba anapenda "kuhalalisha mpango wetu uliopo". Nikachapa, nikatoa kopi kumi, kijana akalipa na kuwahi gari la Tukuyu.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kikundi alikuja mwenyewe, mzee wa rika la babu yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Kisha akaiweka karatasi mezani na kuweka kidole juu ya neno "kuhalalisha".

"Mwanangu, kwani miaka yote hii tulikuwa tunauza kwa haramu?"

Kikao kilikuwa kimevurugika. Wapo waliosema mnunuzi anawatuhumu kwa magendo. Wapo waliosema anatafuta sababu ya kutolipa mzigo wa mwisho. Wawili walitaka kikundi kiache kumuuzia kabisa. Yote hayo yalitokana na kitenzi kimoja nilichokiweka mimi.

Nilimwomba radhi, na kosa hilo nimelibeba mpaka leo. Kazi yangu ni kuchapa mikataba ya mauziano, katiba za vikundi, barua za maombi na viapo vya kupeleka kwa wakili. Kila siku mtu ananiambia, "Nataka hiki kitu kiwe rasmi," na kila mmoja ana lake moyoni. Mmoja anataka kitu kiandikwe, mwingine anataka kisajiliwe, mwingine anataka mkubwa fulani akikubali. Mwingine anaogopa tu kwamba bila mhuri atadhulumiwa. Ni mambo manne tofauti, na kila moja lina njia yake na gharama yake.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Formalise, ambalo Waingereza wengi huliandika kwa s na Wamarekani kwa z, limejengwa juu ya form, yaani umbo, na nyuma ya form kuna neno la Kilatini forma lenye maana hiyohiyo. Fomu tunayojaza kwenye dirisha la benki ni ya ukoo huo. Ukilifungua neno basi, formalise ni kukipa kitu umbo: kukitoa katika hali ya kufahamika baina ya wahusika tu, na kukiweka katika sura ambayo hata mgeni asiyewajua anaweza kuisoma na kuitegemea.

Uzito wake uko hapa. Neno hili halisemi kwamba kitu kinaanza. Linasema kipo tayari. Lazima pawe na makubaliano ya mdomo, au mazoea, au uhusiano, au utaratibu unaofuatwa bila kuandikwa, ndipo mtu apate cha kukipa umbo. Wala halisemi kwamba kitu hicho kilikuwa kibaya. Barua ya mnunuzi iliweka hata neno "existing", uliopo, ili hilo lieleweke. Nililiona na nililitafsiri, kisha nikaliua kwa kitenzi nilichokitanguliza.

Kiswahili kina neno linalokaa hapo sawasawa: kurasimisha. Rasmi tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake, rasm, ni mchoro, mstari, alama inayoachwa juu ya kitu. Waarabu nao walianzia kwenye sura, kama Walatini. Na tazama mzizi huo ulivyozaa kwetu. Rasimu ni andiko ambalo bado linasubiri kukubaliwa, kama zile rasimu mbili za Katiba za mwaka 2013. Rasmi ni kile kilichokwisha kukubaliwa. Urasimu ni ile safari ndefu ya kutoka la kwanza kwenda la pili, njoo kesho, afisa hayupo, leta kopi tatu. Na katika Kiarabu cha leo wingi wa rasm, rusum, ni ada zinazotozwa na ofisi. Mteja anayeuliza kwa nini jambo la familia yake limegeuka kuwa karatasi, foleni na stakabadhi, jibu lote limo ndani ya neno moja.

Kwa sarufi hakuna ugumu. Kiambishi -isha hukifanya kitu kiwe vile jina la sifa linavyosema: halali huzaa halalisha, batili batilisha, rahisi rahisisha, sahihi sahihisha. Kwa rasmi, ile i ya rasimu hurudi katikati, tunapata rasimisha. Tendo lenyewe ni urasimishaji. Ukilitazama kwa upande wa kinachotendwa, ni urasimishwaji. Magazeti huyachanganya haya mawili na hakuna anayeumia.

Maumivu huja pale kurasimisha kunapokaa kwenye kiti cha jamaa zake.

Jamaa wa kwanza ni huyo aliyeniponza. Kuhalalisha kunatoka kwenye halali, na halali haitajwi bila haramu kusikika nyuma yake. Bunge likiruhusu kwa sheria jambo lililokuwa kosa, hapo jambo limehalalishwa. Mtaani neno limebeba hata zaidi ya hapo: ukimwambia mtu "unahalalisha uovu", maana yake anautetea, anautafutia sababu. Kwa hiyo ukiwaambia wakulima wa Rungwe kwamba mauzo yao sasa yanahalalishwa, umewaambia kwamba jana walikuwa wahalifu. Kurasimisha hakuna tuhuma hiyo. Jambo lisilo rasmi laweza kuwa halali kabisa, na mengi tunayoishi nayo ni ya namna hiyo: kumkopesha jirani debe la mahindi, kumpa shemeji ekari moja alime msimu huu, kupokezana zamu ya maji ya mfereji.

Jamaa wa pili ni kuidhinisha. Ndani yake kuna idhini, na idhini hutoka kwa mwenye mamlaka juu yako. Baraza la madiwani linaidhinisha bajeti ya halmashauri; mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha mpango ulioletwa na halmashauri ya kijiji. Hapa ndipo ninapowashauri wateja wawe macho zaidi. Kurasimisha kunaweza kufanywa na walio sawa. Ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao kwa maneno wanaweza kukaa mezani kwangu, tukaandika, wakasaini, mashahidi wakasaini. Wamerasimisha mgawanyo wao na hawakuomba ruhusa ya mtu. Ukiwaandikia "kuidhinisha", utakuwa umemwingiza mkubwa wa tatu ambaye hayumo, na kesho atatokea mtu kudai kwamba idhini yake haikutafutwa.

Jamaa wa tatu ni kuridhia, na hili hapa Mbeya tulilisikia sana mwaka 2023. Bunge lilikuwa limeridhia, tarehe 10 Juni mwaka huo, makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, na shauri la kuyapinga likasikilizwa Mahakama Kuu hapahapa Mbeya. Tarehe 10 Agosti mahakama ikalitupilia mbali. Wiki zile watu walibishana mbele ya kaunta yangu, wengine wakisema Bunge limesaini, wengine wakisema limetunga sheria. Bunge halikufanya lolote kati ya hayo mawili. Makubaliano yalikuwa yamesainiwa tangu mwaka uliotangulia. Kuridhia ni hatua inayofuata saini: chombo chenye dhamana kinasema, ndiyo, tunafungwa na hili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mfano wa zamani zaidi ni Muungano wenyewe: Hati zilisainiwa tarehe 22 Aprili 1964, na nchi moja ikazaliwa tarehe 26. Siku zile chache katikati ndiyo nafasi ya kuridhia. Kiingereza kina kitenzi chake kwa hatua hii, ratify, na mkataba wa nchi na nchi haufai kuitwa formalised pale unaporidhiwa, kwa sababu umbo lake ulikwisha kulipata siku ya saini. Kilichokuwa kikisubiriwa ni ridhaa.

Kuthibitisha na kusajili nitapita haraka. Kuthibitisha ni kusema jambo ni kweli au limesimama: mwajiriwa huthibitishwa kazini muda wa majaribio ukiisha, na wakili huthibitisha kwamba nakala ya cheti inalingana na cheti halisi. Kusajili ni kuingiza kwenye daftari. Mtoto husajiliwa, hupata cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, lakini hakuna aliyemrasimisha mtoto. Na hapa nina neno na vyombo vya habari. Husomeka mara nyingi kwamba wamachinga "wamerasimishwa". Mtu harasimishwi. Biashara yake ndiyo hurasimishwa. Kiingereza kizuri nacho kinalinda mpaka huo: formalise hufuatwa na makubaliano, uhusiano, utaratibu, umiliki, biashara, si na binadamu. Naomba waandishi wetu wautunze, kwa sababu mama anayeuza ndizi pale Soweto, hapahapa Mbeya, alikuwa mtu kamili kabla ya kitambulisho.

Sasa nije kwenye ardhi, maana huko ndiko neno hili lilikoingia vinywani mwa watu wa kawaida. Mwaka 2004 ulianza mpango wa serikali uitwao MKURABITA, kirefu chake Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Taasisi ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, ilishiriki katika kazi zake za mwanzo. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini ana mali, ana nyumba, ana shamba, ana biashara, ila mali hiyo haina umbo ambalo benki au mnunuzi wa mbali anaweza kulisoma. Tunarudi palepale kwenye umbo.

Lakini kabla ya mpango huo kulikuwa na sheria, na sheria ndiyo inayofundisha maana ya neno kuliko kamusi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema haki ya kumiliki ardhi kwa mila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Na haki hiyo haisubiri karatasi. Aliyerithi shamba la babu yake kule Umalila, akalilima kwa kufuata mila za hapo, anayo haki hata kama hajawahi kuona hati. Hati ya hakimiliki ya kimila haimpi shamba. Inaliandika. Nimeona watu wakipokonywa ujasiri, tena na vijana waliosoma, kwa kuambiwa "huna hati, kwa hiyo si lako". Anayesema hivyo amechanganya kurasimisha na kumilikisha.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza kijiji chenyewe kinatambuliwa mipaka yake na kupewa cheti cha ardhi ya kijiji. Kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Kinakuwa na masijala, chumba chenye kabati la kufungika. Ndipo shamba la mtu mmojammoja linapimwa mbele ya majirani, na hati inasainiwa na mwenyewe, na viongozi wa kijiji, na afisa ardhi wa wilaya. Mbozi, wakati ule ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016, ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa kuijaribu njia hii. Miaka ya 2010 ikaja namna mpya huko Iringa Vijijini, kijiji cha Ilalasimba kikiwa kati ya vya kwanza: vijana wa kijijini walifundishwa kupima kwa simu za mkononi. Mwenye shamba anatangulia, majirani wanaandamana naye, simu inashika alama kila kona. Nikiwafikiria wale majirani wanaotembea pembeni, naona hapo ndipo urasimishaji unapofanyika hasa. Simu inaandika tu kile ambacho majirani wanakikubali kwa miguu yao.

Na bado kuna jambo linaloniumiza kila ninapochapa barua hizi. Umbo lina kingo, na kisichoingia ndani ya kingo hubaki nje. Shamba moja la nyanda za juu huku lina haki nyingi zilizolaliana. Mjomba ndiye mwenye shamba, lakini kwenye bonde lake la chini dada yake analima vinyungu kiangazi, mboga na mahindi mabichi, kwa sababu mama yao alilima hapo. Ng'ombe wa jirani hupita kwenda mtoni. Wajane wa ukoo hukata majani ya kuezekea. Hakuna aliyeyaandika haya na hakuna aliyeyakana. Kisha fomu inakuja na nafasi ya jina la mmiliki. Sheria inaruhusu watu kumiliki pamoja, mume na mke, ndugu na ndugu, lakini mara nyingi anayefika mbele ya meza ya kuandikisha ni mwanamume mmoja, na jina linaloandikwa ni lake. Dada wa vinyungu hakufukuzwa na mtu. Hakuandikwa tu, na baada ya miaka kumi, mjomba akiwa amekufa na watoto wake wakiwa na hati mkononi, kutoandikwa kunakuwa sawa na kufukuzwa.

Ndiyo maana mtu akiniambia "nataka kurasimisha shamba", swali langu la kwanza ni hili: nani mwingine analitumia? Wengine hukasirika. Wengine hunyamaza kidogo, halafu huniambia, "Dada yangu ana kabonde kule chini." Basi tunakaandika.

Mjini hadithi ni tofauti kidogo. Mbeya imepanda milimani kabla ya ramani, nyumba zimetangulia na barabara zimefuata, na mitaa ya namna hiyo ndiyo inayofanyiwa urasimishaji wa makazi. Mama mmoja wa mitaa ya juu alinijia na bahasha ya kaki: stakabadhi za michango, na karatasi yenye namba ya kiwanja. Alitaka nimwandikie barua ya kuombea mkopo, na nyumba iwe dhamana.

"Hati iko wapi, mama?"

"Si hii hapa? Mimi nimesharasimishiwa."

Ilinibidi nimweleze taratibu, na uso wake ulibadilika jinsi nilivyokuwa nikieleza. Kurasimisha makazi ni kuchora mpango wa mtaa unaoheshimu nyumba zilizopo, kutenga njia, kupima, kila kiwanja kikapata mipaka na namba. Hapo mtaa umepata umbo. Kumilikishwa ni hatua nyingine, yenye maombi yake na malipo yake, na mwisho wake ndio hati. Mama alikuwa ametembea nusu ya njia akiamini amefika, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kupimiwa na kumilikishwa ni vitenzi viwili. Wanaokwenda kuhamasisha mitaani wangeyataja maneno haya mawili mbalimbali tangu siku ya kwanza ya mkutano, watu wangejua wanachangia nini.

Upande wa biashara mkanganyiko ni wa aina hiyohiyo, ila mwepesi zaidi. "Sekta isiyo rasmi" tumeipokea kutoka kwa wataalamu: mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa akichunguza maisha ya watu wa Accra, Ghana, na mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likalieneza neno hilo kwa ripoti yake kuhusu Kenya. Ni jina linalomtaja mtu kwa kile asicho nacho. Fundi cherehani ana wateja, ana mwanafunzi wa kazi, ana daftari la madeni, ana miaka ishirini kwenye baraza lilelile, na wote hao kwa pamoja wanaitwa "isiyo". Kurasimisha kwake kwaweza kuwa jina la biashara kwa wakala wa usajili BRELA, namba ya mlipakodi kwa mamlaka ya mapato TRA, leseni ya halmashauri, na kila kimoja ni kitu peke yake. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Desemba 2018, vile vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, vilikuwa namna nyingine tena. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinatakiwa kusajiliwa. Hapo tena kuna tofauti: kikundi kikiandika katiba yake kimejirasimisha chenyewe, kikiipeleka halmashauri kinasajiliwa.

Jambo jingine ni ndoa. Kiingereza cha magazetini hupenda kusema wawili wame-formalise uhusiano wao. Huku kwetu tunalo neno zuri zaidi kwa hali moja mahususi: kubariki ndoa. Wawili wamekaa miaka kumi na mitano, mahari ilitolewa ng'ombe mmojammoja, watoto wanne, wa kwanza yuko sekondari. Siku moja wanakwenda kanisani, Moravian au KKKT au Katoliki, na watoto wao wakiwa wamevaa sare za kitambaa kimoja. Hakuna mtu pale anayesema wameoana leo. Wamebariki. Kitenzi hiki kinakiri kwamba ndoa ilikuwapo, na hakimtukani mama wa watoto wanne kwa kumwambia kwamba aliishi bure.

Sheria nayo inazungumza karibu na hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana, mpaka atokee mtu kuthibitisha vinginevyo. Wengi huleta hili kibandani wakisema "miaka miwili imeshapita, ndoa yetu ni rasmi". Hapana. Dhana ya ndoa ni kinga ya kukimbilia pale mambo yakiharibika, na inaweza kupingwa mahakamani. Cheti hakihitaji shemeji na majirani waitwe kueleza mliishije. Neno rasmi lina kazi hiyo hasa: linawapumzisha mashahidi.

Bado kuna maneno matatu ya Kiingereza yanayochanganywa na formalise na ambayo yameniletea marekebisho mengi. Finalise ni kukamilisha. Barua inayosema mkataba uko tayari kuwa finalised inasema bado kuna kazi ya kumalizia, haisemi chochote kuhusu urasmi. Formulate ni kubuni au kuunda, kama sera. Na officiate, ambalo wengi hulidhania ni "kufanya rasmi" kwa sababu ya lile official lililomo, ni kusimamia shughuli kwa nafasi yako: mchungaji anayefungisha ndoa, mwamuzi anayechezesha mechi pale Uwanja wa Sokoine. Huyo tunayemwita mgeni rasmi naye, aliyealikwa kukata utepe, harasimishi kitu. Mradi ulikwisha kuwa rasmi kwa mikataba iliyosainiwa ofisini miezi mingi kabla ya utepe.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hili nililijifunza kwa yule mzee wa parachichi. Kilichorasimishwa huwa na tarehe mbili: siku kilipoanza kuwapo, na siku kilipoandikwa. Ukiandika ya pili peke yake, umekizalisha upya na kukinyang'anya umri wake. Mwenye shamba la tangu 1974 anaonekana kama mgeni wa mwaka jana. Mkataba mzuri wa kurasimisha una neno "tangu" ndani yake.

Jumatatu ile niliitafsiri barua upya bila malipo: "Tunapenda kurasimisha mpango tulio nao, kwa kuuweka katika maandishi." Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja. Kisha akataka tuandike jibu papo hapo. Nikachapa kwamba kikundi kimekubali kurasimisha mpango wa mauzo ya parachichi baina ya pande mbili.

"Tulianza lini?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Hakungoja nijibu. Akatoa simu, akampigia mweka hazina, akaweka sauti ya nje. Upande wa pili kulikuwa na mbwa wanabweka na mtu anatafuta daftari. Tulingoja. Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Mzigo wa kwanza kabisa," ile sauti ikasema, "ni Machi, 2016."

Nikarudisha kidole nyuma ya neno mpango, nikaongeza: "ambao umekuwapo tangu Machi 2016".